Mishono ya Verna Leibhart

Kila Jumanne asubuhi wanawake wa kanisa la Kesslersburg walishuka ngazi za zege mpaka chumba cha chini, wakavua makoti na mabuti ya theluji, wakaketi kuizunguka fremu ya mbao na kushona mfarishi. Juu vipande vya vitambaa vya rangi rangi, katikati pamba, chini kitambaa kizima, na kazi yao ilikuwa kuyashika hayo matatu pamoja kwa mishono midogo midogo, kama punje za mtama zilizopangwa mstari. Kila mmoja alikuwa na kiti chake. Cha Verna Leibhart kilikuwa upande wa dirisha, karibu na birika la kahawa, na kilichogusana nacho kilikuwa cha Arlene Gingerich.

Wawili hao walikuwa wameketi hivyo tangu wakiwa maharusi. Verna alishikwa na uchungu wa kumzaa binti yake akiwa kwenye kiti hicho hicho, na Arlene alimalizia kwanza mstari wake ndipo akaanza kutafuta funguo za gari, jambo ambalo Verna hakuacha kumtania nalo hata walipoota mvi. Na kwa kuwa Verna alikuwa mtu wa kushukuru, anayeshukuru tanuri likishika moto na kuku akitaga, kiti kile hakikukosa katika sala zake. Mumewe Merle alipofariki, Verna alisema, "Bwana, umenichukulia Merle, lakini umeniachia Jumanne."

Palikuwa na desturi moja katika chumba kile ambayo haikuwahi kutangazwa, ila wote waliijua. Mwanamke ambaye mkono wake umechoka, mishono yake ikaanza kurefuka na kupinda, aliombwa kwa upole ahamie jikoni. Huko alikata vitunguu vya supu ya kuku na mahindi, akasikia vicheko vya wenzake kupitia mlangoni. Hakuna aliyekwenda jikoni akarudi kwenye fremu. Kwa hiyo kila mmoja aliutazama mkono wake kwa jicho la pembeni, na Faye Trostle, aliyekuwa na macho makali kuliko wote na ulimi wa kufanana nayo, aliitazama mikono ya wote.

Mambo yalianza kuharibika mwaka ambao bodi ya shule ilipiga kura kuhusu somo la bayolojia. Arlene alikuwa ameolewa na Galen Gingerich, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu mwadilifu na mbishi, na Galen alikuwa kwenye bodi hiyo. Yeye na wenzake waliamua kwamba kabla wanafunzi wa darasa la tisa hawajafundishwa mageuko ya viumbe, wasomewe tangazo. Tangazo lilisema mageuko ni nadharia tu, ina mapengo, na kwamba iko elimu nyingine inayosema uhai ulipangwa na mbuni mwenye akili, na anayetaka kujua zaidi kitabu kipo maktaba. Walimu wa sayansi walikataa kulisoma. Galen akavaa tai yake ya kanisani, akaenda kulisoma mwenyewe.

Darasani mle alikuwamo Jolene, mjukuu wa Verna, ambaye Verna alimlea kwa sababu mama yake alikuwa jeshini, ng'ambo. Jioni hiyo Jolene alimsimulia bibi yake, aliyekuwa anamenya viazi. Alisema mvulana mmoja alinyoosha mkono akauliza huyo mbuni ni nani, na mzee Gingerich akawa mwekundu mpaka masikioni, akajibu kwamba hapa shuleni hawezi kusema, wakaulize nyumbani.

Verna aliweka kisu chini. Alikuwa amefundisha shule ya Jumapili tangu Merle akiwa hai na nywele zake zote. Alikuwa amewafundisha watoto wa Galen mwenyewe, kwa picha za kubandika ubaoni, nuru siku ya kwanza, samaki na ndege siku ya tano. Hakuna siku aliyoulizwa ni nani aliyefanya haya akasema, nenda kaulize nyumbani.

"Wamemvisha Mungu kofia na miwani ili apite mlango wa shule," alimwambia Jolene. "Tena wamemkataza kusema jina lake. Mimi siwezi kumfanyia hivyo mtu ninayempenda."

Safari iliyofuata tangazo liliposomwa, Verna aliandika ruhusa Jolene atoke nje, na Jolene akasimama kwenye korido na wenzake wachache, mgongo ukutani, kama watoto waliofanya utundu. Watu waliopita waliwatazama. Hilo ndilo lililomkata Verna maini. Wazazi kadhaa walipokwenda kufungua kesi kwenye mahakama ya shirikisho, wakisema shule ya umma hairuhusiwi na Katiba kufundisha dini ya mtu yeyote, hata ikija imejificha, Verna alivaa koti lake zuri akaenda kutia sahihi. Kalamu ilipomaliza ndipo alipomkumbuka Arlene.

Hakufukuzwa kwenye fremu. Hakuna aliyemwambia neno baya, isipokuwa Faye, ambaye Jumanne ya kwanza baada ya majina kutoka gazetini aliuliza, bila kuinua macho kwenye sindano, kama nyani, ndugu zake Verna wa kule mtini, watakuja Sikukuu ya Shukrani, ili wapange sahani za kutosha.

"Watakuja," Verna akajibu. "Ila wale wa upande wa marehemu Merle ndio wanaokula sana, Faye. Hao uwapikie mapema."

Wanawake walicheka, hata Faye midomo ilimcheza. Arlene hakucheka. Na kwa kuwa Arlene hakucheka, kicheko kilikufa katikati ya fremu.

Tangu siku hiyo Arlene alimwambia Verna habari za uzi, za barafu barabarani, za meno ya ng'ombe wao mzee, na hapo mazungumzo yakaishia. Zamani, wenzao wakishaondoka, wao wawili walibaki kunywa kahawa iliyobaki kwenye birika na kusema yale yasiyosemwa mbele ya Faye. Ni kweli kwamba hata kabla ya kesi, tangu msimu ule wa msiba wa Merle, Arlene alikuwa ameanza kumhimiza aondoke mapema. Nenda, basi la shule la Jolene litafika, mimi nitafunga mlango, ndimi mwenye ufunguo. Wakati ule Verna aliyaona kama mapenzi. Sasa aliyakumbuka akaona labda yalikuwa kitu kingine. Alikuwa bado anakuja, bado anakaa, bega lake bado linagusana na la Arlene, lakini alijihisi kama mgeni aliyesahau saa ya kuondoka.

Siku ya kutoa ushahidi, Jolene alimsaidia kufunga vifungo vya gauni, maana vidole vyake siku hizo vilikuwa vinamsumbua, vinacheza cheza asubuhi. Mahakama ya shirikisho, mjini Harrisburg, ilijaa. Galen alikaa mstari wa mbele upande wa bodi, na nyuma yake alikaa Arlene, mkoba mapajani, leso mkononi.

Wakili wa wazazi alimwuliza Verna habari za Jolene na za korido, akajibu. Kisha akainuka wakili wa bodi, mtu wa heshima, mwenye sauti ya taratibu kama mtu anayemtuliza farasi. Alimwuliza kama anamwamini Mungu. Verna akasema ndiyo. Akamwuliza kama anaamini Mungu ndiye aliyeumba mbingu na nchi. Ndiyo pia. Halafu akatabasamu, akasema amesikia kwamba bibi ni mshonaji wa mifarishi.

"Nashona, ndiyo."

"Ukiingia nyumba usiyoijua, ukakuta mfarishi kitandani, utasema umejishona wenyewe?"

"Hapana, bwana."

"Utasema yupo aliyeupanga na kuushona, ingawa hukumwona."

"Nitasema hivyo."

Wakili alifungua mikono yake kama mtu aliyekwisha kupewa alichokuja kukitafuta. Verna akaona nyuso za upande wa bodi zikichangamka, akaogopa kidogo, kisha akapiga moyo konde.

"Lakini mifarishi naijua, bwana, kwa sababu nimeona mikono inayoishona," akasema. "Chukua wowote tuliouuza kwenye mnada wa kuchangia kikosi cha zimamoto. Nitakuonyesha hapa ni Arlene, hapa ni Faye, hapa ni mimi. Mungu anavyofanya kazi yake sijawahi kukaa naye kwenye fremu nikaona. Ninaamini tu, na imani yangu naifundisha kanisani, nikimtaja kwa jina lake. Mwalimu wa sayansi afundishe anachoweza kukipima."

"Utaitambua mishono yako, bibi? Kwa kuitazama tu?"

"Kama ninavyoitambua sauti yangu."

"Na unalisema hilo chini ya kiapo."

"Chini ya kiapo."

Hapo ndipo alipomwona Arlene. Arlene alikuwa ameinama, leso ameisokota mdomoni, mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka. Verna alishuka kizimbani, na yale ya wakili wala hayakumwuma. Njia nzima ya kurudi nyumbani Jolene alimsifu, na yeye akatazama mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, akimwona Arlene na leso yake.

Jumanne iliyofuata nusura asiende. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda amevaa soksi moja, akajiambia kwamba kiti ni chake mpaka mtu amwambie vingine, akavaa ya pili. Walikuwa wanashona mfarishi wa mnada wa zimamoto, wenye nyota kubwa ya bluu na krimu. Alishona mpaka mchana. Arlene alipitisha mkasi, akapokea mkasi. Saa ya kuondoka ilipofika Arlene akasema kama kawaida yake, nenda Verna, basi la mtoto.

Alikuwa amekwisha kufika kwenye gari alipogundua kidole chake ki uchi. Kastabini yake ya fedha, ile kofia ya kidole ya kushonea aliyopewa na Merle, ameiacha kwenye fremu. Wenzake walikuwa wameondoka. Alizishuka tena zile ngazi, polepole kwa sababu ya barafu, akasukuma mlango.

Arlene alikuwa peke yake, ameketi kwenye kiti cha Verna. Mkononi alikuwa na mkasi mdogo wa ncha kali, na alikuwa anafumua. Mishono yote aliyoishona Verna asubuhi ile ilikuwa inatolewa mmoja mmoja, na nyuzi zilizokatwa zimelala mapajani mwa Arlene kama nywele chini ya kiti cha kinyozi.

Verna alisimama akashindwa hata kulikumbuka alilolifuata.

"Basi mkono wangu umekuwa najisi," alisema mwishowe. "Ungeniambia, Arlene. Ningekwenda jikoni kwa miguu yangu mwenyewe."

Arlene alishtuka, akaficha mkasi chini ya kiganja kama mtoto aliyefumwa na sukari. Kisha akautoa tena, akauweka juu ya nyota.

"Kaa chini," akasema. "Kaa kwenye changu."

Verna hakukaa.

"Kaa, Verna, miguu yako mibaya na mimi siwezi kusema haya nikitazama kidevu chako." Alipokaa, Arlene akavuta pumzi. "Mkono wako unatetemeka. Ulianza mwaka aliokufa Merle. Mishono yako siku hizi, nisamehe, kuku angeshona vizuri zaidi. Nafumua nashona upya. Kila Jumanne."

"Tangu Merle?"

"Tangu Merle. Ungefanya nini wewe? Ningemwacha Faye aione? Ulikuwa umezika mume, halafu wakupeleke kwenye vitunguu?"

Verna aliutazama mkono wake mapajani. Ulikuwa unacheza, ndiyo, kidogo tu, kama jani lililosalia mtini. Alikuwa amejiambia ni baridi. Akaikumbuka mifarishi yote iliyouzwa katika miaka hiyo, na watu waliomshika bega kwenye mnada wakisema mishono yako haizeeki, na yeye akajibu asante, kwa unyenyekevu mkubwa. Uso wake ukapata moto. Halafu akakumbuka mahakama.

"Arlene. Nimeapa."

"Nilikuwepo," Arlene akasema, na mabega yakaanza tena kutikisika. "Kama sauti yangu, anasema. Mbele ya jaji. Nilikula leso nzima, Verna. Galen aliniuliza njiani ulikuwa unacheka nini, nikamwambia yule wakili wetu kavaa soksi mbili tofauti."

Verna alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimjia kutoka tumboni, kikamshinda, wakacheka wote wawili mpaka Arlene akaomba ile leso na leso haikuwepo, wakafutia macho kwenye pindo la mfarishi wa mnada. Walipotulia Verna aliuliza lile lililokuwa limebaki.

"Ungemwambia Galen, yule wakili angenirudisha kizimbani. Angenifanya mjinga mbele ya watu wote. Na wewe uko upande wao."

"Niko upande wao. Naona umekosea, na nitaona hivyo mpaka mnizike." Arlene aliigonga fremu kwa kifundo cha kidole. "Lakini kesi ile ni yenu, ninyi na Galen na jaji. Hii ni yetu."

Verna aliuchukua mkono wa Arlene, ule wenye alama ndogo ndogo za sindano kwenye ncha ya kidole, akaubusu kama mtu anavyobusu mkono wa mtoto mchanga. Arlene akasema aache ujinga, lakini hakuuvuta.

Ila Verna alikuwa ameapa, na kiapo kilimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Alimwambia Arlene kwamba itabidi aseme, na akisema Galen atajua nani alinyamaza. Arlene alifikiri, akakusanya zile nyuzi zote akazitia mfukoni mwa aproni, akasema basi atamwambia mumewe mwenyewe wakati wa chakula, kuna nyama ya nguruwe na kabichi chachu, huwa hagombi akiwa anakula hiyo. Asubuhi yake Verna akampigia simu wakili wa wazazi. Yule mama wakili alicheka mpaka ikabidi aweke simu chini kidogo, kisha akasema jaji haamui habari za mifarishi. Verna akashikilia. Mwishowe ikaandikwa sentensi moja, ikatiwa kwenye faili, kwamba shahidi anasahihisha: hawezi kuitambua mishono yake.

Jumapili, baada ya ibada, Galen alimsubiri penye makoti. Watu waliokuwa wanavaa skafu wakaanza kuzivaa polepole.

"Nasikia huijui hata kazi ya mkono wako mwenyewe," Galen akasema.

"Siijui, Galen."

"Kumbe alikuwepo anayefanya kazi pale pale ubavuni mwako, miaka yote, na hukumwona."

Faye, nyuma yao, alitoa sauti ndogo ya kufurahia. Verna alifikiri, maana jambo lile lilikuwa la kweli, tena alikuwa amelifikiria usiku kucha akiwa amepiga magoti.

"Umesema kweli," akajibu. "Alikuwepo sikumwona, na nimemshukuru Mungu kwa hilo kuliko ninavyoweza kukueleza. Lakini Jumanne nilipomwona, Galen, sikumwita mbuni. Nilimwita Arlene."

Galen alimtazama mke wake aliyekuwa anashughulika sana na kifungo kisichokuwa na tatizo lolote. Kisha akachukua koti la Verna kwenye ndoano, akamshikilia ili apitishe mikono, na mkono uliotetemeka ulipokosa njia aliungoja mpaka ukaipata. Majira yale yote hakumsalimia tena.

Hukumu ilitoka karibu na Krismasi. Jaji aliandika kurasa nyingi, na maana yake ilikuwa kwamba tangazo lile ni somo la dini lililovishwa koti la sayansi, na lisisomwe tena katika shule ya umma. Jolene hatasimama kwenye korido. Wazazi walikumbatiana, wengine wakapigwa picha. Verna alirudi nyumbani akamshukuru Mungu kwa jaji, kwa walimu na kwa Jolene, akamwombea Galen, ambaye Arlene alisema amekaa zizini na ng'ombe tangu asubuhi na hataki kahawa. Halafu akaoka pai mbili za molasi, moja akaipeleka kwa akina Gingerich na kuiweka kibarazani bila kugonga.

Jumanne aliingia mapema. Alimwambia Faye, mbele ya wote, kwamba mkono wake umechoka na mishono wanayoisifu ni ya Arlene, na kama desturi inasema jikoni basi aonyeshwe kisu. Faye aliishusha miwani puani. Akautazama mkono wa Verna, akamtazama Arlene, akatazama kile kiti kama mtu anayekipima.

"Vitunguu vimekwisha kukatwa," akasema. "Kaa. Macho yangu mimi hayaoni tundu la sindano tangu kiangazi, na hakuna aliyenifumua. Nitungie uzi."

Verna akakaa. Kutunga uzi kulimchukua muda, mkono unakwenda huku tundu liko kule, lakini hakuna aliyemhimiza. Alitunga sindano ya Faye, akatunga ya Arlene, akazichomeka kwenye mto mdogo mbele yake, tayari. Baadaye akashona kamstari kafupi kwenye pembe ya nyota, kamepinda waziwazi, akamgusa Arlene kiwiko.

"Huo uufumue," akasema.

Arlene akainama akautazama kwa makini. Akasema ataona, wakishakunywa kahawa.